Sayansi Yetu Haina Mali Kauli

Asubuhi moja ya wiki iliyopita nilitoka Posta kwa miguu, nikakata Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo kutafuta kava la simu, na katika Mtaa wa Kongo nikamkuta kijana aliyepanga makava yake juu ya meza kwa nidhamu ambayo wenziwe hawakuwa nayo: kila aina na safu yake, na kila safu na kijikaratasi chenye namba, tarehe ya kuingia mzigo na idadi iliyobaki. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsifu kwa utaratibu ule, naye akacheka, akasema, "Haya ni mazoea ya maabara, mzee." Katika mazungumzo yetu nikabaini kwamba ana shahada ya umahiri ya baiolojia ya molekyuli, na kwamba alipata kujitolea miezi 14 katika maabara moja, akipewa nauli tu, hata mradi wa wafadhili ulipokwisha naye akaambiwa asubiri apigiwe simu. Nilipomwuliza mtaji wa biashara hii aliupata wapi, akanijibu kwamba mtaji hana. Tajiri mmoja wa Mtaa wa Aggrey amempa mzigo kwa mali kauli.

Mali kauli haihitaji ufafanuzi mrefu kwa mtu wa Dar es Salaam. Tajiri humkabidhi kijana mali bila ya kushika fedha, wakaafikiana bei kwa neno la mdomo. Jioni kijana akarejesha thamani ya mali na ziada ikawa riziki yake, na siku ambayo soko limekuwa gumu akarudisha mzigo, kesho akajaribu tena. Asiye na kitu hupimwa kwa mzigo mdogo, akidhihirika kuwa mwaminifu akaongezewa, na wapo wenye maduka ya jumla leo walioanza hivyo hivyo.

Utafiti wa kisayansi hapa kwetu umeikosa desturi hiyo. Kijana aliyehitimu, anapoomba fedha ya utafiti wake wa kwanza, huulizwa amechapisha makala ngapi, amesimamia miradi mingapi na amepata kufadhiliwa na nani. Ilhali makala haziandikwi pasipo utafiti, utafiti haufanyiki pasipo vitendanishi, na vitendanishi, ambavyo aghalabu huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, havinunuliwi kwa cheti wala kwa sifa njema. Ni kana kwamba tajiri wa Kariakoo amtake kijana alete kwanza hesabu za duka lake, ndipo amkopeshe mali ya kufungulia duka.

Kwa hiyo kijana hukimbilia penye fedha, nazo nyingi ziko ughaibuni, akaliacha swali lake mwenyewe na kulichukua la mfadhili. Sisemi haya kwa kuwakashifu wageni, maana maabara ndogo iliyofunguliwa na Waswisi huko Ifakara mwaka 1956 leo ni taasisi yenye heshima, na imewalea wanasayansi wetu wengi. Nasema kwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na umaskini wa kukosa swali lako mwenyewe ni mzito kuliko wa kukosa darubini.

Wala kuaminiana si jambo geni katika ilimu yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 hapa hapa Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, kabla ya kilima cha Mlimani kuwa na madarasa: nacho kiliaminiwa kikiwa bado hakina kitu. Chuo hicho kilikuwa bado kichanga alipotokea Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto katika jokofu la kugandishia aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenziwe yasiyochemshwa. Darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Mwuza aiskrimu wa mjini Tanga akamwambia kwamba wao hufanya hivyo siku zote. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimwuliza swali lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kile cha Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomcheka. Naye Osborne, badala ya kumtaka sifa zake, akalipeleka swali maabara likajaribiwa. Mwaka 1969 wakachapisha makala yenye majina yao wawili, na hata leo wanasayansi wa ulimwengu wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo. Ile ilikuwa mali kauli: kijana hakuwa na chochote isipokuwa swali, na mwenye maabara akamwamini.

Najua atatokea wa kunikosoa aseme kwamba kava lisilouzwa hurudi dukani, ilhali kitendanishi kilichokwisha kumiminwa hakirudi, na fedha ya umma haichezewi. Ni kweli. Walakini tajiri wa Aggrey naye hupata hasara mara moja moja, wala hafungi duka. Na jaribio lililoshindwa, likiandikwa kwa uaminifu, humwepusha mwingine kupotea njia ile ile. Hasara ninayoiogopa mimi ni ya kumkopesha kijana ada ya chuo miaka mitatu minne, kisha elimu ile tukaiacha ilale chini ya meza ya makava.

Viongozi wa Afrika, walipokutana Addis Ababa Januari 2007, walihimizana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Serikali yetu nayo imeanza kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida yenye hadhi, jambo la kushukuriwa. Ila tuzo humfikia aliyekwisha kufika, na yule anayeanza safari hana nauli. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mfuko wake wa MTUSATE. Naomba sehemu maalumu ya mfuko huo, hata ikiwa ndogo, iwekwe kwa wasiopata kufadhiliwa kamwe: mzigo mdogo wa mwaka mmoja, mtafiti mkongwe awe mdhamini, nafasi katika maabara, na taarifa ya kweli mwishoni, iwe ya kufaulu au ya kushindwa, atakayeaminika aongezewe. Na anayejitolea apewe posho ya kumtosha kula, kwani nauli humfikisha mtu kazini tu.

Wenye dhamana ya mfuko wanaweza kulianza hili katika bajeti ijayo. Na wakitaka kuona namna linavyofanyika, wapande mwendokasi asubuhi, washuke Gerezani, wawaulize matajiri wa Kariakoo.