Nguzo zikaguliwe kabla ya zege kumwagwa

Tarehe 26 Juni 2017, sehemu ya daraja la Sigiri iliporomoka katika Mto Nzoia, huko Budalang'i, Kaunti ya Busia. Mradi huo ulikuwa wa takriban Sh1.2 bilioni. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameukagua chini ya wiki mbili kabla, na zaidi ya wafanyakazi 20 walijeruhiwa. Uchaguzi wa Agosti ulikuwa umekaribia, hivyo daraja likageuka hoja ya kampeni, na watu wakabishana kuhusu mkandarasi, pesa na wanasiasa.

Jambo moja halikupewa uzito unaostahili. Daraja lilianguka kabla halijakamilika.

Wakati hatari zaidi katika maisha ya jengo la zege mara nyingi ni ule wa kujengwa kwake, vipande vyake vikiwa bado havijashikana. Mradi wa serikali ukianguka, wahandisi na kamera hufika. Nyumba ya ghorofa tatu mjini Busia au Malaba haina bahati hiyo. Kando ya barabara za mpakani majengo ya aina hiyo yanazidi kuinuka, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu, na slebu mbichi za mengi kati yake hushikiliwa na mbao zilizopigiliwa misumari juu ya miti ya mkaratusi, ambayo ndiyo nguzo za muda. Ramani ya jengo hupelekwa kaunti ikapigwa muhuri. Miti ile huachiwa fundi aikadirie kwa macho.

Mzigo wenyewe si wa kukadiriwa kwa macho. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa karibu tani 2.4. Slebu yenye unene wa sentimita 15 na eneo la mita 100 za mraba basi hufika tani 36, kabla ya kuhesabu mafundi, wilibaro na lundo la zege ambalo watu wa mkono wamelimwaga mahali pamoja. Katika saa za kwanza slebu haijibebi hata kidogo. Uzito wote hupita kwenye mbao, ukashuka kwenye nguzo, ukaishia kwenye udongo, na udongo uliolowa mvua za Aprili hubonyea.

Mkaratusi hauna kosa. Unapatikana kwa urahisi Magharibi mwa Kenya, bei yake ni nafuu, na ukichagua mti mnyoofu unafanya kazi vizuri. Makosa yako katika namna unavyotumiwa: miti miwili mifupi kuungwa kwa misumari ili ifikie dari, vipande vya matofali kusukumwa chini ya mti usiofika, kitako kukosa ubao wa kutandaza uzito. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha mbao za kufungia. Nguzo nyembamba ikirefushwa mara mbili, mzigo unaotosha kuipinda hupungua hadi robo. Ikifungwa katikati kwa mbao za pande zote mbili, huwa kana kwamba imefupishwa, na nguvu yake hurudi. Anayeziacha mbao hizo ili aokoe shilingi chache amewapunguzia uhai watu wanaopanda juu na karai kichwani.

Halafu kuna haraka ya kuondoa nguzo. Zege la kawaida lililotunzwa kwa maji huwa limepata takriban theluthi mbili ya nguvu zake kufikia siku ya saba, na nguvu inayotumiwa na wahandisi katika hesabu hupimwa siku ya 28. Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, ambayo imetumiwa kwa miaka mingi na wahandisi wa Kenya, ilielekeza kwamba pasipo vipimo vya nguvu, na joto likiwa nyuzi 16 au zaidi, nguzo za slebu zisiondolewe kabla ya siku 10 na za mihimili kabla ya siku 14. Lakini wanaotumia nguzo za chuma badala ya miti huzikodi, na kila siku ina malipo yake. Mwenye nyumba anataka kuanza ghorofa inayofuata. Mpangaji ameshalipa amana.

Ghorofa inayofuata ndiyo mtego. Slebu mpya hukaa juu ya nguzo zinazosimama juu ya slebu ya chini, ambayo pengine ina wiki moja tu. Tarehe 2 Machi 1973, katika jengo la Skyline Plaza jimboni Virginia, Marekani, nguzo zilizoshikilia slebu ya ghorofa ya 23 ziliondolewa mapema wakati zege la ghorofa ya 24 likiendelea kumwagwa. Slebu changa ikatobolewa na nguzo kuu, na sakafu zikaangukiana hadi chini. Wafanyakazi 14 walikufa. Mahali palipokuwa na mitambo na wahandisi, uamuzi mmoja wa kutoa nguzo ulitosha kuangusha sehemu ya jengo.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 imeipa kaunti mamlaka ya kutoa idhini ya ujenzi na kuiwekea masharti. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo ipo tangu sheria yake ya 2011. Hakuna haja ya kusubiri Bunge. Kaunti ya Busia inaweza kudai mchoro wa nguzo katika kila ombi la nyumba ya ghorofa, na kukataza zege kumwagwa kabla mhandisi hajazikagua na kutia sahihi, tena ataje tarehe ambayo zinaweza kuondolewa. Watakaolalamika kwamba gharama zitapanda wana haki ya kusikilizwa, lakini ziara ya mhandisi kwa nusu siku ni sehemu ndogo sana ya bei ya slebu moja.

Kabla kaunti haijaamka, mwenye jengo ana uwezo wake. Asiruhusu nguzo hata moja itolewe kwa neno la mdomo. Adai karatasi yenye sahihi ya mhandisi.