Tatizo si Kasi, ni Foleni

Jamani, nimechoka kuambiwa "nunua kifurushi kikubwa". Kaka akianza kupandisha video zake mtandaoni, habari yangu ya maneno 400 inakwama, na mhariri ananifokea kwenye simu. Kasi ipo, utaratibu ndio haupo!

Nilichukua kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, nikaweka Linux, nikaipachika nyuma ya modemu. Nikaiwekea kikomo chini kidogo ya kasi ya laini, ili foleni ijipange kwangu, si kwenye modemu. Kisha nikawasha fq_codel, iliyomo ndani ya Linux tangu 2012: kila kazi inapewa zamu, vipande vyepesi vinatangulia.

Bure kabisa! Muuza vifurushi hatakwambia hilo. Barabara pana isiyo na trafiki bado ina foleni. Au nadanganya?