Bikari na Mpaka wa Bahari Yetu

Wako wanaodhani kwamba jometri ni somo la kupitia mtihani tu, na kwamba kijana akishatoka skuli hana tena haja ya bikari wala rula. Sisi hatukubaliani na rai hiyo, na ushahidi wetu hatuutafuti mbali. Uko katika maji ya Mkondo wa Pemba, wanamotafuta riziki wavuvi wetu.

Katika somo la kukata mstari nusu kwa nusu, mwanafunzi huwekewa nukta mbili. Hufungua bikari kwa upana unaozidi nusu ya masafa baina ya nukta hizo, akachora tao kutoka nukta ya kwanza. Kisha, bila ya kubadilisha upana huo, akachora tao jengine kutoka nukta ya pili. Matao hayo hukutana pahala pawili. Akipaunganisha kwa rula, hupata mstari unaopita katikati ya nukta zile, na kuukata kwa pembe mraba mstari unaoziunganisha. Faida yake kubwa ni kwamba kila nukta iliyo juu ya mstari huo iko masafa sawa na zile mbili za mwanzo. Haielemei huku wala kule.

Sasa na tuyatazame mapatano ya mpaka wa bahari baina ya Tanzania na Kenya, yaliyofungwa kwa barua ambazo serikali mbili hizo zilibadilishana tarehe 17 Disemba, 1975 na 9 Julai, 1976. Humo imeelezwa kwamba sehemu moja ya mpaka hupatikana kwa matao mawili, kila moja la maili 12 za baharini: moja kutoka mnara wa taa wa Mpunguti ya Juu, upande wa Kenya, na jengine kutoka mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Kwa kuwa masafa baina ya minara hiyo hayafiki maili 24, matao hayo hukutana pahala pawili, ambapo mapatano yamepaita nukta B na nukta C, na mstari baina yake ndio mpaka. Hili ni somo lile lile la ubaoni, ila karatasi yake ni bahari.

Kutoka nukta C mpaka huelekea mashariki kwa kufuata latitudo ya digrii 4, dakika 40 na sekunde 52 kusini. Hapo kanuni ya masafa sawa imeachwa, na maafikiano yameshika nafasi yake. Mapatano huheshimiwa, na hatukusudii kuyafukua. Tunalosema ni kwamba raia anayejua jometri huweza kutambua mwenyewe ni wapi mpaka umepimwa na ni wapi umeafikiwa. Asiyeijua hubaki kuambiwa.

Kugawa pembe nusu kwa nusu nako kuna kazi yake. Kila nukta iliyo juu ya mstari unaoigawa pembe iko masafa sawa na mikono yake miwili. Mwaka 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua shauri la mpaka wa bahari baina ya Nicaragua na Honduras, iliona kwamba mdomo wa mto Coco unabadilika kwa mchanga na tope, hata hapakuwa na nukta madhubuti za kupimia. Kwa hiyo ilichukua mistari miwili iliyonyooka kuwakilisha pwani za nchi hizo, ikaigawa pembe yake katikati. Mahakimu walitumia kanuni ambayo watoto wetu huiandika madaftarini.

Huiandika, lakini je, huifahamu? Aghalabu mkebe wa hisabati hununuliwa mtihani ukikaribia, na mwanafunzi hukariri hatua za kuchora bila ya kuulizwa kwa nini mstari ule umekaa pale. Elimu ya namna hiyo ni chombo kisichokuwa na usukani.

Kwa hivyo tunawaomba wanaohusika na elimu wafanye mambo matatu. Kwanza, kila skuli ipatiwe bikari za kutosha, pamoja na ile kubwa ya ubaoni. Na pale ambapo bado hazijafika, mwalimu awatoe wanafunzi uwanjani kwa kamba na vijiti viwili, kwani tao la mchangani si duni kuliko la karatasini. Pili, kila skuli ya sekondari iwe na ramani ya Mkondo wa Pemba, na kila mwanafunzi auchore mpaka ule kwa mkono wake. Tatu, mitihani impe alama anayeeleza sababu, si anayechora tu.

Gharama ya haya si kubwa. Gharama ya kuyaacha ndiyo inayotutia hofu, kwani mazungumzo juu ya bahari hayajakwisha duniani, na siku moja watakaokaa mezani kwa niaba yetu ni hawa waliomo madarasani leo. Watu wa visiwani tumezungukwa na maji, na haifai tungojee wageni waje kutupimia.