Kumpima Mfanyakazi ni Kukipima Kiwanda

Kila meneja anajua mtambo wake utatiwa mafuta lini na utafunguliwa lini ukaguliwe. Daftari lipo, tarehe zipo, na fundi mwenye dhamana yupo. Lakini ukimwuliza ni lini masikio na mapafu ya wale wanaouendesha mtambo huo yatapimwa, mara nyingi hana la kujibu. Hili, ndugu wafanyakazi, si jambo dogo, wala si jambo la hisani.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imekwisha amua: mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi, apimwe kwa vipindi akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Kipimo cha kwanza huonyesha aliingia na afya gani. Cha katikati huonyesha kazi inamfanya nini. Cha mwisho humpa ushahidi wa kuondoka nao. Vumbi la mawe lenye silika, linalovutwa na wachimbaji migodini, huharibu mapafu polepole kwa miaka mingi, na huenda maradhi yakajitokeza mtu akiwa amekwisha rudi kwao. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini asiye na kumbukumbu za vipimo atathibitishaje kwamba kifua chake kiliharibikia mgodini?

Kwa hiyo twasema upimaji upangwe, usiwe shamrashamra za siku moja. Tena upangwe kwa kuitazama kazi yenyewe. Wafanyao kazi penye kelele wapimwe masikio. Walio katika vumbi la mawe, pamba au katani wapimwe pumzi. Wapuliziao dawa za wadudu wapimwe damu. Madereva wapimwe macho. Shinikizo la damu na sukari vipimwe kwa wote, maana maradhi hayo humkaa mtu siku nyingi bila kumwuma. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, wataka upimaji usimpunguzie mtu mshahara, uwe wa bure, na kadiri iwezekanavyo ufanywe saa za kazi.

Twajua wako wanaoukimbia upimaji wakisema, "Nikionekana mgonjwa nitaachishwa kazi." Hofu hiyo isichekwe, wala haitaondoka kwa kukemewa. Dawa yake ni siri. Majibu ni ya mfanyakazi na daktari wake. Mwajiri yamtosha kuambiwa kama mtu huyu aifaa kazi hii au abadilishiwe. Na kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria ya mwaka 2008 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja yenyewe. Atakayeonekana na maradhi apelekwe kwenye matibabu. Kumpima na kumwacha na karatasi mkononi ni kumwongezea wasiwasi tu.

Lakini hesabu ya jumla, isiyo na majina, lazima imfikie mwajiri na kamati ya usalama. Ikiwa watu wengi wa idara moja wamepungukiwa na usikivu, mgonjwa wa kwanza ni mtambo. Utibiwe huo: uzibwe kelele au ubadilishwe. Kumwondoa mfanyakazi aliyeharibika na kumweka mwingine mzima mahali pale pale si usalama, ni dhuluma ya zamu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wawakilishi wa usalama na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wasingoje kuitwa. Katika mkutano ujao wa mahali pa kazi waulize maswali manne: tarehe ya upimaji ni ipi, nani atalipa, majibu yatatunzwa na nani, na baada ya majibu nini kitarekebishwa? Penye majibu ya maswali hayo, pana mpango. Pasipo majibu, kazi ya viongozi hao ndiyo kwanza inaanza.