Haki Isiishie Mpakani

Kidole kimoja hakivunji chawa. Miji midogo ya Ulaya imelielewa hilo. Huko Kalundborg, Denmark, viwanda vilianza mwaka 1972 kupeana gesi, kisha mvuke na maji, manispaa ikishiriki: mabaki ya kimoja yakawa mali ya kingine. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliunda Mfuko wa Mpito wa Haki, ili wachimbaji wa makaa ya mawe wasitupwe migodi ifungwapo. Twausifu moyo huo.

Lakini betri nyingi za magari ya umeme zahitaji kobalti, ambayo sehemu kubwa huchimbwa Kongo, na hata watoto wameonekana machimboni. Hewa safi ya wengine isinunuliwe kwa mapafu yao. Twadai haki hiyo imfikie pia mchimbaji wa Kolwezi. Naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu.