Dawa ya mtoto isiingie kwenye begi kubwa

Mwaka 2025 viwanja vya ndege vya Edinburgh na Birmingham, Uingereza, vilianza kuruhusu abiria kupita ukaguzi na vimiminika kwenye chupa za hadi lita 2, kwa kuwa vina mashine mpya zinazolipiga picha begi pande zote. Ukiisoma habari hiyo haraka unaweza kuamini kuwa sheria ya mililita 100 imefutwa duniani. Haijafutwa. Kila kiwanja kina kanuni zake, na ukiunganisha ndege mahali pengine unaweza kukaguliwa upya na chupa yako ikaishia kwenye pipa.

Sheria hiyo ilizaliwa mwaka 2006, baada ya polisi wa London kufichua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye vijiko viwili vya mafuta haipiti.

Manukato yakitupwa, utanunua mengine. Kinachonisumbua mimi kama daktari ni mzazi anayeogopa ukaguzi. Anaona chupa ya dawa ya kifafa ya mwanawe ina mililita 150, basi anaifungia kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Begi likichelewa siku mbili, mtoto wa kunywa mara mbili kwa siku amekosa dozi nne, na dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Insulini nayo haitakiwi kuganda. Ikishaganda haifai, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, na huko chini kwenye mizigo baridi inaweza kuwa kali.

Hofu hiyo haina sababu. Dawa unazozihitaji safarini, pamoja na maziwa na chakula cha mtoto, kwa kawaida haviguswi na kikomo cha mililita 100. Marekani mama huruhusiwa kubeba maziwa aliyojikamulia hata kama mtoto hayupo naye. Unachotakiwa kufanya ni kuvitoa kwenye begi na kumwambia mkaguzi kabla hajauliza. Dawa ibaki kwenye chupa au boksi lake lenye jina la mgonjwa, na barua ya daktari itaje jina la kitaalamu la dawa, dozi na sindano kama zipo. Barua hiyo idai kliniki mapema, si asubuhi ya safari. Beba pia dawa za siku kadhaa za ziada. Usihangaike na friji: insulini iliyofunguliwa hukaa wiki nne hivi nje, mradi joto lisipite lililoandikwa kwenye karatasi yake.

Barua pekee haitoshi kila mahali. Wengi wetu tunapitia Dubai kwenda India kutibiwa, au tuna ndugu wanaofanya kazi huko. Tramadoli na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na anayeingia nazo anatakiwa kuomba kibali cha serikali kabla ya kusafiri. Kwamba umeinunua kwa urahisi dukani mtaani kwako si utetezi.

Kuhusu betri, kanuni zinabana zaidi. Pawabenki hairuhusiwi kwenye begi kubwa kwa sababu inaweza kushika moto pasipo mtu wa kuuzima, na tangu Oktoba 1, 2025 shirika la Emirates limepiga marufuku kuitumia ndani ya ndege, huku abiria akiruhusiwa kubeba moja isiyofika wati-saa 100. Ile ya kawaida ya miliampea-saa 20,000 ina takriban wati-saa 74, hivyo inapita. Lakini kama ulipanga kuchajia simu inayosoma sukari ya mtoto, ijaze chaji kabla ya kupanda. Mwenye mashine ya kumsaidia kupumua alipigie simu shirika la ndege siku kadhaa kabla, maana betri yake nayo itapimwa kwa wati-saa.