Mwaka Kogwa Si Mkutano wa Hadhara

Ndugu zetu wanachama, vijana wetu wametuuliza swali, na kwa kuwa walituuliza barazani mbele za watu, hatuna budi kuwajibu mbele za watu. Wameuliza: siku ya Mwaka Kogwa itakapofika huko Makunduchi, je, si jambo jema twende sote kwa pamoja, tumevaa fulana za chama na bendera zetu mikononi, ili ijulikane kwamba na sisi tupo kusini?

Fikira hii haikutoka katika nia mbaya. Lakini jawabu letu ni hapana, na twaomba mtuvumilie tueleze kwa urefu kidogo, maana ndugu zetu wa mjini, na hata baadhi ya ndugu zetu wa Pemba, huenda wakadhani kuwa Mwaka ni ngoma ya kutazamwa tu.

Mwaka ni hesabu kabla haujawa sherehe. Siku ya Mwaka, ambayo wazee huiita Nairuzi, ndiyo siku ya kwanza ya hesabu ya siku 365, iliyogawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kubakia. Mwezi mwandamo watutosha kwa saumu na kwa hija, lakini hauwezi kumwambia mkulima lini apande, kwa kuwa huzunguka majira yote. Ndipo wakulima na wavuvi wa visiwa hivi wakashika miongo. Na kwa vile hesabu hiyo haina siku ya kuzidisha kama ile ya Februari, kila miaka 4 Mwaka hurudi nyuma siku moja katika kalenda ya Kizungu. Babu zetu waliukoga Agosti. Sisi twaukoga Julai.

Siku yenyewe kila aliyewahi kufika anaijua. Wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani wakapigana kwa migomba, na mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukitoa hapo hapo. Wanawake hupita wakiimba, kanga mpya mwilini, na katika nyimbo zao husema mambo ambayo siku nyingine wangeyameza. (Mwenye duka naye hafichi kwamba kanga hizo zamsaidia kulipa deni la jumla mjini.) Kisha hutiwa moto kibanda cha makuti, na moshi wake hutazamwa waelekea wapi. Baada ya hapo ni kula, na nyumba isiyopata mgeni siku ile huona kwamba imekosa jambo.

Wapo masheikh wasemao kwamba haya ni mambo ya Kimajusi, kwa sababu jina la Nairuzi latoka Uajemi. Sisi tuliosoma chuoni hatuwezi kuupuuza usemi wao, wala hatusemi kwamba kuoga mwaka ni sunna. Twasema tu kwamba hatujapata kumwona mtu akiusujudia moto wa kibanda, na tumewaona wengi wakipeana mikono baada yake. Lililobaki twawaachia wenye elimu.

Na hilo la kupeana mikono ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wazee wametusimulia zama za siasa, baina ya 1957 na 1963, jinsi watu walivyogomeana maduka na kususiana maziko kwa ajili ya vyama. Tulidhani ni hadithi ya kale. Ukaja uchaguzi wa Oktoba 1995, nasi tukaiona kwa macho yetu, tukiwa watoto tunaokaribia kukhitimu Kurani. Duka lilikuwa la baba yetu. Jirani mmoja wa upande wa pili, mtu aliyekuwa akinunua kwetu kila asubuhi, aliacha kuingia. Akawa apita mbele ya duka na kibuyu chake cha mafuta ya taa kwenda kununua kijiji cha pili, safari ya karibu saa nzima juani. Salamu nazo zikakatika. Wala tusijitakase: baba yetu naye hakwenda kwenye maziko ya mama wa jirani huyo, na sisi watoto tulikatazwa kucheza na wanawe.

Ilipofika Julai 1996 wakakutana uwanjani. Jirani akampiga baba yetu mara tatu kwa mgomba, na ya tatu ilikuwa ya mgongo, nzito. Baba akarudisha. Watu wakacheka, na wao wenyewe mwisho wakacheka, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamekwisha pumzi. Jioni jirani akaja nyumbani, akakaa kwenye sinia, akala. Hakuna aliyetaja uchaguzi. Asubuhi ya pili mwanawe akaja dukani kutaka nusu kilo ya sukari, kwa mkopo. Deni hilo, kwa ukweli, halijalipwa mpaka leo, nalo limo daftarini.

Sasa tuwaulize vijana wetu: lau siku ile kila mmoja angevaa fulana ya chama chake, pigo lile la tatu lingehesabiwa vipi? Lingekuwa pigo la chama kwa chama. Lingejibiwa na watu mia, na si kwa mgomba. Uwanja ule una pande mbili tangu kabla vyama havijazaliwa, na kheri yake ni kwamba pande hizo hazikufuata siasa: mtu na adui yake wa kura huweza kupigana upande mmoja.

Haya hatuwaambii watu wetu peke yao. Wenye serikali nao tangu zamani wamezoea kuja na jukwaa, vipaza sauti na hotuba, na watalii wakapangiwa viti vya mbele huku bibi mwenye mji akisimama juani nyuma yao. Kuja kwao si kosa. Mgeni ni baraka siku ile. Lakini mgeni rasmi naye ni mgeni. Ale, ashukuru, na bendera ya chama chake aiache kwenye gari, kama tunavyotaka ya kwetu ibaki nyumbani. Hatutakuwa na uso wa kumwambia hivyo ikiwa sisi tumeingia na zetu.

Ikiwa vijana wana hamu ya kufanya kazi, kazi ipo. Wazee wanaoweza kukwambia leo ni mwongo wa ngapi, na mwongo upi ni wa kupanda nini, wanapungua kila msimu. Tumewauliza vijana hao hao walioleta shauri la fulana, na hata mmoja hakujua leo tuko mwongo gani. Waende kwa wazee na daftari, bila ya kuwauliza kadi zao, wayaandike. Madaftari tutayatoa sisi dukani bila ya thamani.

Siku hiyo duka tutalifunga saa nne za asubuhi. Mwanachama atokaye mbali na asiye na mwenyeji kusini aulize kwetu. Wali utakuwepo wa kutosha. Aje na kanzu yake.